Bernadine wa Dirisha la Tatu na Siku Kumi za Bwana Tackett

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, saa kumi na moja jioni, Bernadine Zawacki atashusha pazia la dirisha la tatu kwa mara ya mwisho. Amekitumikia kituo chetu cha kupima moshi wa magari miaka ishirini na tisa. Wakubwa walitaka wasifu huu uandikwe na mtu wa ofisini. Bernadine akakataa, akasema aandike Wilmer wa njia ya pili ya kupimia magari, kwa kuwa Wilmer hajui kupamba. Ni kweli sijui. Shule niliachia darasa la sita, kule Honduras.

Alianza kazi mwaka kituo kilipofunguliwa, enzi zile gari likipandishwa kwenye magurudumu ya chuma, linakimbizwa papo hapo bila kwenda popote, na bomba la mpira la kuvuta moshi limechomekwa kwenye ekzosi. Alikuwa mwanamke pekee kwenye njia. Wenzake walimtania kwamba theluji ya kwanza ikianguka atarudi jikoni kwake. Theluji imeanguka mara ishirini na tisa, na wao ndio hawapo.

Mwaka wa nane mgongo ulimkatalia, akahamishiwa dirisha la tatu. Huko ndiko anakokwenda mtu ambaye gari lake limefeli, au siku zake za kupimisha zimekwisha, kuomba aongezewe muda au asamehewe. Bernadine huita kila mtu mwanangu, hata wanaomzidi umri, na kila anayefika siku ya mwisho hupokelewa kwa maswali mawili: "Ulikuwa wapi siku zote hizo, mwanangu? Na risiti za fundi ziko wapi?"

Mama mmoja alijibu kwamba mbwa alitafuna barua ya kumwita.

"Anaitwa nani huyo mbwa?"

"Duke."

Bernadine akaandika kwenye fomu, mahali pa sababu: Duke. Fomu ikapita. Bwana harusi mmoja naye alifika dakika kumi kabla ya kufunga, bibi harusi kakaa kiti cha mbele na shela lake. "Wewe ndiye uliyemsahaulisha?" Bernadine alimwuliza. "Mimi? Kanisani kwenyewe kachelewa!" akajibu bibi harusi. Wakapewa siku thelathini.

Kila Jumanne ya kabla ya Kwaresima alituletea paczki, yale maandazi ya Kipolandi yenye jamu ya plamu katikati. Aliyekataa la pili alinuniwa mpaka Pasaka.

Ningependa kuishia hapo kwenye maandazi. Lakini yako ya Bwana Tackett, na bila hayo wasifu huu utakuwa wa mtu mwingine.

Ni miaka minne sasa, mwezi wa Februari, baridi yangu ya kwanza hapa. Orville Tackett, mzee aliyestaafu kiwanda cha chuma, gari lake la kijani lilifeli. Alilitengeneza kadiri alivyoweza, na risiti zote alikuwa nazo. Bernadine alikuwa amekwisha kumpa nyongeza ya muda, na sheria inaruhusu moja tu. Ilikuwa inakwisha Ijumaa. Mzee alitakiwa alilete gari lipimwe tena. Likifaulu, vizuri. Likifeli, zile risiti zingempatia msamaha wa miaka miwili. Kwa vyovyote angepona. Na ilibidi apone, maana gari lisilo na kibali haliruhusiwi barabarani, na hilo ndilo lililompeleka mkewe kusafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki.

Alhamisi alipita kituoni akanikuta nakwangua barafu mlangoni. Taa ya injini ilikuwa bado inawaka. Nikamwonea huruma.

"Mzee, hilo dogo. Chomoa betri nusu saa, halafu rudisha. Taa itazima."

"Una hakika, kijana?"

"Kwetu tunafanya hivyo kila siku."

Taa ilizima kweli, na kumbukumbu yote ya kompyuta ya gari ikafutika pamoja nayo. Ijumaa mashine ikasema gari haliko tayari kupimwa. Halikufaulu wala halikufeli, na gari ambalo halijafeli haliombewi msamaha. Lilitakiwa liendeshwe siku kadhaa ndipo lipimike. Bwana Tackett alikuwa amebakiwa na saa mbili.

"Nani kakwambia uchomoe betri?" Bernadine alimwuliza.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kitambaa mkononi. Mzee alinitazama, akashusha macho.

"Ubishi wangu tu, dada."

"Ubishi wako utamweka mkeo nyumbani Jumatatu, unajua?"

"Najua."

Bernadine akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaandika nyongeza ya pili, ya siku kumi, ambayo hakuwa na ruhusa ya kuiandika, akaweka saini yake. "Liendeshe barabara kuu kila asubuhi, mwanangu. Na hiyo betri usiiguse hata kwa macho."

Siku ya tisa gari lilipimwa, likafeli vizuri kabisa, na msamaha ukatoka. Mama Tackett yu hai. Kila Septemba mumewe huleta dirishani chupa ya maharage ya siki.

Machi ofisi kuu ikaiona ile fomu. Wakati huo Bernadine alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba atakuwa mkuu wa kituo, hata koti lenye jina na cheo lilikuwa limeshonwa. Wakatupanga mstari, wakauliza kama yuko mtumishi aliyempotosha yule mzee. Mteja aliyepotoshwa na mtumishi ana haki ya kuongezewa siku, kwa hiyo angetokea mtu akakiri, saini ya Bernadine ingekuwa halali. Nilikuwa na miezi mitatu kazini, na watu wanne nyumbani wanaonitegemea. Nikatazama viatu vyangu. Cheo akapewa mtu wa kutoka nje.

Koti analivaa hadi leo. Alifumua neno "Mkuu" kwa sindano, akaacha jina. Nyuzi zilipokuwa, alama inaonekana bado, nami nimeiangalia kila asubuhi kwa miaka minne.

Ahsante, Bernadine, kwa maandazi, kwa wote uliowasikiliza pale dirishani, na kwa kutowahi kuniuliza. Nimeomba karatasi hii isomwe yote, mbele yako na mbele ya wakubwa. Aliyemwambia Bwana Tackett achomoe betri ni mimi, Wilmer Euceda. Najua swali lako: nilikuwa wapi siku zote hizo? Nilikuwa njia ya pili tu, na risiti sina. Siombi kuongezewa muda.

Nenda kapumzishe mgongo, ukae na wajukuu wako. Mungu akupe siku nyingi kuliko zote ulizowagawia watu.