Mzee Hakikisha na Ukuta wa Upande wa Bahari

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, tarehe 30 Juni mtunza bwawa letu la kuogelea la ufukweni anastaafu. Sisi humwita Mzee Hakikisha. Karatasi hii ikimfikia, ataigeuza nyuma kwanza aone kilichofichwa.

Alipoajiriwa, bwawa lilijazwa na bahari yenyewe: maji yakijaa, lango la chuma linafunguliwa, yakipwa, linafungwa. Baadaye lango likazibwa kwa saruji, tukaletewa maji ya bomba na dawa. Tulishangilia wote isipokuwa yeye. Tangu hapo, kila jioni alichora mstari wa penseli ukutani pale maji yalipofika, na kila asubuhi, kabla ya kufungua geti, aliyachota kwa kiganja akayaonja. Jamani, tulimcheka!

Mwaka wa ishirini wa kazi yake maji yakaanza kupungua. Fundi alisema ni jua tu. Mzee alisema ukuta umepasuka, wala hakuna aliyemsikiliza. Mimi, mtunza vyumba vya kubadilishia nguo, nilikuwa na jibu langu: bustani yake ya mboga ilinawiri kupita kiasi kwa mtu mwenye ndoo moja. Dalili ya mvua si mawingu? Nikamwandikia meneja barua isiyo na jina, nikaianza na "kikulacho ki nguoni mwako". Mzee akasimamishwa kazi wiki mbili.

Nyumbani hakukalika. Kila asubuhi alisimama nje ya uzio, mkewe akaingia kama mteja na kumletea maji kwenye kikombe. Siku ya tisa yalikuwa na chumvi: bahari ilikuwa inaingia kupitia ufa. Akakipeleka kikombe ofisini, meneja akaonja, bwawa likafungwa siku hiyohiyo. Kesho yake ukuta uliporomoka pale watoto wa shule hujifunzia kuogelea.

Alirudi kazini, akatusalimia sote kwa mkono, wala hakuuliza aliyeandika barua. Lakini mwandiko wangu uko kwenye kila tangazo la vyumba vya nguo. Miaka kumi na mmoja nimekuwa nikimtazama kwa jicho la pembeni: anajua, hajui?

Mwezi uliopita meneja alimtaka apendekeze mtu wa kushika nafasi yake. Aliandika cheo changu, na chini yake sababu: aliyeweza kunishuku mimi hatadanganywa na ukuta.

Nisamehe, Mzee wangu. Ahsante kwa kila asubuhi. Sote tunakuombea afya, raha, na usingizi wa kuamka jua likiwa juu.