Kupanda Jumapili, Kuhamisha Jumatatu: Massoudi Sultani Anaaga Tuta

Leo, Ijumaa tarehe 30 Aprili 2004, Bwana Massoudi Sultani anakabidhi funguo za mlango wa maji baada ya kulitunza tuta la ziwa letu dogo kwa miaka ishirini na mitano. Funguo ni mbili, na mmoja haujawahi kufungua chochote. Anasema aliupokea hivyo na anaukabidhi hivyo.

Hapa kazini tunamwita Baba Saliha, kwa jina la binti yake mkubwa. Alizaliwa Buyenzi, na alikuwa fundi magari mtaani kwao hadi mwaka 1979, chama chetu, chenye ziwa hili na mkahawa wake, kilipomwita kutengeneza pedalo moja, kiboti cha kukanyaga kwa miguu, iliyokuwa ikizunguka mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kabla ya adhuhuri ilikuwa inakwenda. Mchana akaombwa atazame pampu. Jioni akaulizwa kama angependa kurudi kesho yake, akarudi.

Wageni wanaopanda huku Kinanira kula brosheti, yaani mishikaki, hulitazama ziwa, na ni haki yao, kwa maana ni zuri. Ni rahisi kusahau kwamba ni maji ya kijito kimoja tu yaliyozuiwa na tuta la udongo, na kwamba chini ya tuta kuna nyumba za watu. Massoudi hasahau. Kila asubuhi huanza kazi upande wa chini, pale bomba dogo linapotoa maji yanayopenya ndani ya udongo. Huyakinga kwa glasi ya chai na kuyainua kwenye mwanga. Yakiwa maangavu, tuta ni zima. Yakiwa na tope, basi udongo unaliwa kutoka ndani. Mpishi wetu hajachoka kumpigia kelele kutoka jikoni: "Baba Saliha, leo sukari inatosha?" Naye hujibu: "Inatosha, mama, lakini majani ya chai hamuna, alhamdulillahi!"

Mambo ya glasi alifundishwa na mhandisi Pontien, aliyekuwa akikagua tuta kila kiangazi. Mhandisi huyo alimfundisha pia kuogopa miti. Mzizi hupenya udongo, mti ukifa mzizi huoza, na pale ulipokuwa hubaki tundu ambalo maji hulifuata. Mwaka 1994 alisema bila kuzunguka: siku atakayokuta mti umeshika mizizi juu ya tuta, ataagiza maji yote yamwagwe na ziwa lifungwe. Hawezi kuwaacha watu wa chini walale kwenye hatari hiyo. Juu ya tuta alitaka nyasi fupi tu, kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi.

Mwaka huohuo maharusi wakaanza kupanda miti.

Wa kwanza walikuja kwa sababu barabara ya kwenda kwa wazazi wa bibi harusi ilikuwa imefungwa na vita. Kwao kulikuwa na desturi ya kupanda mti siku ya arusi, na kwa kuwa hawakuweza kufika kwao, walipanda juu ya tuta letu, maji yakiwa nyuma yao. Mpiga picha aliitundika picha ile dirishani mwake mjini, na tangu hapo kila bibi harusi alitaka yake. Walitoka mtaa wa Cibitoke, walitoka mtaa wa Mutanga Nord. Wengine walipita vizuizi vya barabarani na viatu vyeupe mkononi, wakapanda haraka, wakapiga picha, wakarudi kabla ya saa ya kutotoka nje.

Massoudi alipaswa kuwakataza, na hakuweza. Baadaye alimweleza mwenyekiti wetu: "Mutu anatoka mbali hivi, na vita hii, anataka kupanda kitu. Mi namuambia namna gani apana?" Kwa hiyo alichimba shimo mwenyewe, akawashikia mwavuli, akapiga makofi. Jumatatu asubuhi, baada ya glasi yake, aliung'oa mche pamoja na udongo wake, akajaza shimo na kulishindilia, kisha akausukuma kwa toroli hadi ng'ambo ya kijito, kwenye uwanda ulio mbali na tuta. Hapo aliupanda tena na kuweka jiwe lenye majina ya wenyewe, kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka pedalo. Hakumwambia mtu. Sisi tulidhani analima mchicha.

Zilikuwapo wiki ambazo hakuna mgeni aliyefika, na siku ambazo hata sisi hatukufika. Yeye alikuja kwa miguu, akainua glasi, akakata nyasi, akarudi kwake.

Mwaka 1998 ikawa siku ya Dalia. Dalia alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia na Sami, kijana wa familia ya wenye maduka ya nguo wanaojulikana mjini tangu zamani, na walikuwa wamepanda mparachichi. Walipotimiza mwaka walirudi kuumwagilia, pamoja na mama yake Sami, Bi Miza, na chupa ya chai. Dalia alikuwa mjamzito, karibu kujifungua. Alitembea tuta zima akitafuta, hakuona mti. Akakaa kwenye nyasi na kulia, kwa maana aliona kama ameambiwa jambo baya juu ya mtoto wake.

Bi Miza hakulia.

"We Massoudi! Muti ya mukwe wangu iko wapi?"

"Iko, mama."

"Iko wapi? Mi naona majani tu. Umeikula?"

"Nimeihamisha, mama. Zote nilihamisha."

"Zote!"

Waliokuwa kwenye pedalo waliacha kukanyaga. Mwenyekiti alitoka na kitambaa cha mezani bado kifuani, akasikia habari yote, akasema mbele ya wageni kwamba mtu anayewadanganya maharusi hana kazi hapa.  Massoudi aliomba tu washuke naye kwanza, kisha wamfukuze.

Wakashuka, Sami akimshika mkewe mkono. Ng'ambo ya kijito walikuta miti ya miaka minne: mijakaranda, mipera, michungwa, miparachichi, kila mmoja na jiwe lake, na majina ya watu wa mitaa ambayo siku zile haikutembeleana. Mparachichi wa Dalia na Sami ulikuwa umepita kiuno cha Sami. Dalia aliyashika majani yake, akaacha kulia. Massoudi akaeleza habari ya mizizi na ya tundu, akaonyesha nyumba za chini kwa kidole, akakinga maji kwenye glasi ili wayaone.

Bi Miza alikuwa hasikilizi. Alikuwa akizunguka na kusoma mawe kwa sauti. "Huyu wa mutaa wetu! Na huyu, si ndiye alisema ataolewa Ulaya?" Aliporudi alimtazama Massoudi kuanzia miguuni. "Na hizi zote umebeba weye peke yako, na mugongo hiyo?" Kisha akamgeukia mwenyekiti: "Prezida, ukimufukuza huyu, kwanza uturudishie miti juu na mikono yako."

Mwenyekiti aliondoa kitambaa kifuani na kuagiza viti viteremshwe. Chai ya Bi Miza ilinywewa pale pale, kwa zamu, kwa glasi ya tuta.

Tangu siku hiyo tuna desturi yetu. Maharusi hupanda juu Jumapili, kwa ajili ya picha, na Jumatatu hurudi wenyewe na nguo za kazi kuhamisha mti wao. Bwana harusi hujaza shimo na kulishindilia, na Massoudi hampi ruhusa ya kuondoka mpaka kidole gumba kishindwe kuzama. Mabibi harusi wawili watatu wamekiri kwamba hapo ndipo walipomjua waliyeolewa naye.

Kazi hiyo ilijibu mwezi wa Aprili miaka miwili iliyopita. Mvua ilinyesha hadi alfajiri, na maji ya ziada yalishuka kwenye njia yake yakinguruma. Watu wa chini walisimama nje ya milango na watoto mgongoni, wakitazama tuta. Massoudi alishuka, akakinga maji, akainua glasi juu kadiri mkono ulivyofika. Yalikuwa maangavu. Kelele za furaha zilisikika hadi huku ofisini. Kiangazi mhandisi Pontien alilitembea tuta mwanzo hadi mwisho, hakuona mzizi hata mmoja, akaomba apewe parachichi.

Kuanzia kesho glasi itakuwa mkononi mwa Prudence, aliyefanya kazi pamoja naye mwaka mzima na anayeshindilia udongo kwa nguvu kuliko maharusi wengi.

Tulipoandaa sherehe hii, mwenyekiti alipendekeza kwamba, kwa heshima, Massoudi apande mti juu ya tuta. Alipoambiwa aliuliza: "Ni sawa. Lakini Jumatatu nani atang'oa?"

Tumekubaliana. Leo baada ya Swala ya Ijumaa atapanda mparachichi uliooteshwa na Dalia kutoka kwenye tunda la mti wake. Atapanda pamoja na Mama Saliha, kwa maana siku walipooana hapakuwa na mpiga picha. Prudence ameshachagua jiwe.

Baba Saliha, kwa kila asubuhi uliyoshuka bondeni kabla yetu, asante. Tunakuombea afya, usingizi mrefu, na glasi yenye majani ya chai ndani yake. Lakini Jumatatu usichelewe, na umlete Mama Saliha na nguo za kazi.