Ochoki Nyamongo, Aliyesugua Jiwe Kavu (1959–2025)

Waombolezaji, nitawaambia habari ambayo hakuna hata mmoja wenu atakayeiamini, na sababu ninaijua: juu ya mtu huyu mmezoea kuamini uongo. Mimi ni Ondieki, baba yake mdogo. Shule niliiachia darasa la saba, lakini ukoo huu ukitafuta mtu wa kusema mbele za watu, unazipita digrii zote unakuja kwangu. Siku nyingine ningewachekesha. Leo nimekasirika.

Marehemu Ochoki Nyamongo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1959 hapa Ikonge, kifungua mimba wa marehemu kaka yangu na mama Mokeira. Alikuwa mtoto wa maji. Alioga mtoni mpaka meno yanagongana, mama anamngoja ukingoni na fimbo, naye anazama anaibukia upande wa pili akicheka.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, akaendelea na sekondari mjini Kisii, na mwaka 1979 akaingia chuo kikuu Nairobi kusomea sheria. Huko alijiunga na kikundi cha siri kilichotaka kuipindua serikali. Likizo alituhutubia katikati ya majani chai kwamba kila mwenye mali atanyang'anywa. Nilimwuliza, "Na mimi na ng'ombe wangu wawili?" Akafikiri. "Wewe Baba mdogo tutakuachia mmoja." Mwaka 1982 alifukuzwa chuoni. Februari 1986 alikamatwa Keroka, karatasi za kikundi zikiwa chini ya ndizi kwenye gunia.

Askari walimfungia katika chumba cha chini ya ardhi, wakakijaza maji mpaka kiunoni. Alilala amesimama. Ngozi ya miguu ilimtoka kama ganda la viazi. Kisha akahukumiwa, akafungwa, akaachiliwa Desemba 1989. Nilienda kumpokea. Tulipofika mto ule wa utotoni hakukubali kuvuka. Nilimbeba mgongoni, mwanamume mzima, amefumba macho.

Mwaka 1990 alienda Tabaka kujifunza kuchonga mawe. Kila mchongaji anajua kwamba jiwe husuguliwa kwa msasa ndani ya karai la maji, ili vumbi lizame lisikuingie kifuani. Ochoki hakuweza. Akitia mkono kwenye maji yaliyotulia, mkono ulikufa ganzi mpaka begani. Basi alisugua jiwe kavu, miaka yote hiyo, nyusi nyeupe kama msaga unga wa posho mill. Walimwonya. Mke wake alimfunga kitambaa puani, kikajaa vumbi. Nanyi mlipomwona mke huyo akimmiminia maji ya kunawa kwa jagi mkasema, "Anajifanya bwana mkubwa." Naona mnatazama chini. Inueni macho, bado sijamaliza.

Alimwoa Bosibori tarehe 15 Desemba 1991. Mahali pa kuuzia kazi zake alipewa na Haresh, mwenye duka la vyombo mjini Kisii, kwenye veranda yake. Zamani za siasa Ochoki aliwahi kuandika kwenye ukuta wa duka hilo: MNYONYAJI TOKA. Alipokwenda kuomba nafasi, Haresh alimtazama, akasema, "Wewe ndiyo uliandika ukuta yangu. Mwandiko nzuri sana. Sasa andika jina ya duka." Akaliandika. Watu wakasema Mhindi amemnunua. Kwa bei gani? Kwa kivuli cha veranda!

Lakini kilichowachoma zaidi ni jiwe alilolichonga mwaka 2010: askari amevua kofia, ameketi chini na mfungwa, wanamega ugali kwenye sahani moja. Alisema zamani alitaka nchi iwake moto, na sasa anajua moto huanza na kibanda cha mama muuza mboga. Aliyemjibu ni Nyangau, mwenzake wa kikundi kile. Alisimama pale sokoni Daraja Mbili akatangaza, "Mtu aliyeteswa hawezi kuchonga kitu hiki. Huyu hakuguswa hata ukucha. Alikunywa chai na serikali, akatuuza." Nyangau yupo hapa, kiti cha mbele. Keti, ndugu yangu, usitafute kofia, chakula bado. Ulikuwa wapi mwaka 1986? Mimi ninajua ulikuwa wapi: kwa shemeji yako, chini ya kitanda.

Baada ya maneno yale, egesangio, kikundi chetu cha kuchumiana chai kwa zamu, kiliruka shamba la Ochoki. Zamu yake ilipofika kila mtu alikuwa na mgonjwa. Majani yalikomaa yakawa kama ya mti. Nilimwambia, "Vua viatu sokoni, uwaonyeshe hiyo miguu!" Akasema, "Baba mdogo, nikianza kuonyesha kidonda nitakuwa nimekiuza." Hata Juni 2024, vijana walipoandamana, aliwapigia makofi wakipita, kisha akaketi mlangoni kwa Haresh ili pasichomwe. Wakamwita msaliti, wajukuu wa watu wale wale. Hakuwajibu. Basi leo ninajibu mimi.

Kikohozi kilimshika mwaka 2021. Daktari alisema mapafu yamejaa vumbi la jiwe. Mimi ninasema yalijaa maji ya chumba kile. Aliaga dunia tarehe 9 Agosti 2025 katika hospitali moja mjini Kisii, mkono wake ukiwa ndani ya wa Bosibori.

Ameacha mjane, Bosibori; watoto Maureen, Ian na Beverlyne; wajukuu watano; mama yake Mokeira, ambaye anamzika leo; na mimi. Mungu ampumzishe mahali pakavu.

Neno moja limebaki. Wasifu huu nilianza kuuandika akiwa hai, kwa ombi lake, na Jumapili yake ya mwisho nilimsomea nilipofikia. Nilitaka Nyangau akisikia apotelee ndani ya koti lake. Nikasoma kwa sauti ya kanisani: "Katika chumba kile Ochoki aliwakabili askari hamsini, hakutoa hata chozi, aliimba usiku na mchana mpaka mkubwa wao akapiga magoti na—"

"Baba mdogo." Alikuwa amefungua jicho moja. "Walikuwa wawili. Na sikuimba. Nililia nikimwita mama, na mmoja wao akavua kofia, akanipa ugali wake. Soma hivyo."