Vedasto Emmanueli Amsi na Jina Lililobaki Kwenye Orodha

Baba Paroko, wazee wetu wa Endabash, wageni mliotoka mbali, na ninyi nyote mlioacha mashamba na mifugo mkaja kulia pamoja nasi, mimi ni Laurencia Emmanueli, mdogo wake marehemu, mwalimu wa darasa la tatu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu. Karatasi niliyoshika ina sehemu mbili, ya kwanza ni ile ambayo kila msiba huwa nayo, ya pili aliagiza marehemu mwenyewe isomwe, na mpaka juzi jioni tulikuwa tunabishana nyumbani kama isomwe au iachwe, kaka yetu mkubwa Remigius akisema kwamba mazishi si kitubio, mimi nikisema kwamba hapa mbele atakaa Yeyo Sintamei wa Oloipiri, yeyo ndiyo mama kwa lugha ya kwao, ambaye binti yake alifariki kwa sababu ambayo kwa miaka kumi na moja hakuambiwa, na kwamba tukinyamaza leo hatutapata siku nyingine. Jina la binti huyo sitalitaja, na sababu mtaielewa nikifika huko.

Vedasto Emmanueli Amsi alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Endabash, Wilaya ya Karatu, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Emmanueli Amsi na mama Martha, akabatizwa tarehe 15 Aprili mwaka huohuo, siku ya Pasaka. Alianza darasa la kwanza Januari 1987, akamaliza la saba mwaka 1993, akaendelea na sekondari Karatu mjini mpaka Novemba 1997, kisha kidato cha tano na cha sita Arusha, alikomaliza mwaka 2000. Baba aliuza madume mawili ya ng'ombe ili asome kompyuta, jambo ambalo majirani walilicheka wazi, maana wakati ule hapa kijijini hakuna aliyekuwa amewahi kuigusa, na baba mwenyewe alidhani mwanawe anakwenda kusomea kupiga chapa. Alipata stashahada yake tarehe 28 Novemba 2003, akarudi na cheti na koti la kuazima.

Tarehe 30 Septemba 2006 alifunga ndoa takatifu na Antonia, binti wa watu wa Mbulu, ambaye ndiye mjane mnayemwona, na Mungu akawajalia watoto wawili, Goodness aliyezaliwa tarehe 9 Mei 2008 na Inosenti aliyezaliwa tarehe 21 Februari 2011. Kaka alikuwa baba wa kusaidia hesabu za shule na kuchoma mahindi, hakuwa mkali, ila alikuwa na tabia ya kupanga kila kitu, hata majembe ya stoo aliyapa namba, nasi tulimtania kwamba siku moja atawapa kuku vitambulisho.

Kazi ya maisha yake ilianza tarehe 1 Februari 2009, alipoajiriwa na shirika moja lililokuwa na kliniki ya gari, iliyozunguka kwa wafugaji kuanzia Endulen mpaka Loliondo, likamtaka atengeneze kanzidata, yaani mahali ndani ya kompyuta ambapo habari za wagonjwa zinatunzwa ili zipatikane zikitafutwa. Mimi si mtu wa kompyuta, lakini alinifundisha kwa subira, na naomba mnivumilie niwaeleze kama ninavyowaeleza watoto wangu, maana bila hili hamtaelewa kilichompata.

Alisema kanzidata ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya majedwali, kama daftari la mahudhurio lililopigwa mistari, kila mtu ana mstari wake mmoja, na kila mstari una visanduku vilevile, jina, mwaka wa kuzaliwa, boma, dawa zinazomdhuru, na majedwali hayo yanaunganishwa, kwa mfano kwenye mstari wa mtoto inaandikwa namba ya mama yake, na kompyuta haikubali mtoto aandikwe chini ya mama asiyekuwepo, wala haikubali mama afutwe wakati mtoto bado ameandikwa chini yake. Hiyo ndiyo wanaiita ya kimahusiano, na uzuri wake ni kwamba ina masharti, haikuruhusu kuandika ovyo. Ya pili ndiyo wanaiita NoSQL, nayo haina visanduku vya lazima, ni kama kila mtu kupewa bahasha yake, huyu ndani ana majina matatu, yule ana moja na picha, mwingine ana barua ndefu, unaanza haraka, na bahasha zikizidi unaongeza kabati jingine pembeni ya lile la kwanza, lakini hakuna anayekagua kilichotiwa ndani.

Kaka alichagua majedwali, na hilo halikuwa kosa. Kosa lake lilikuwa kwenye kitu wanachoita ufunguo, yaani alama ya kumtambua mtu mmoja asichanganywe na mwingine, ambao alitakiwa autengeneze kwa namba isiyobadilika, yeye akautengeneza kwa jina la mtu, jina la mwenye boma na mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu sisi Wairaqw wa hapa Endabash tukibatizwa Martha tunazikwa Martha, na hakumwuliza mtu yeyote wa kule kama kwao ni hivyo.

Kwao sivyo. Katika familia ya Yeyo Sintamei binti akiolewa hupewa jina jipya na watu wa kwa mume, na lile la usichana halitumiki tena pale. Binti yake aliolewa upande wa Endulen mwaka 2011, na mimba ya kwanza ikamrudisha kwa mama yake Oloipiri kujifungua, ambapo mwezi Juni 2012 alipata mtoto wa kike, Nashipai, akaandikwa kliniki kwa jina lake la usichana, na mtoto akaandikwa chini yake. Siku chache baadaye alichomwa sindano ya penisilini, akavimba koo akakaribia kufa, muuguzi akaweka alama nyekundu kwenye mstari wake ili asichomwe tena. Agosti 2014, akiwa kwa mume wake Endulen, alishikwa na homa ya mapafu, akaletwa kwenye gari la kliniki hawezi kusema, na aliyemleta alikuwa mama mkwe wake, akalitaja jina la ndoa kwa sababu ndilo pekee alilowahi kumwita. Muuguzi alilitafuta, kompyuta ikajibu kwamba mtu huyo hayupo, akafungua mstari mpya usio na alama yoyote, akamchoma penisilini. Binti alifariki tarehe 22 Agosti 2014, saa saba mchana, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili.

Ndugu zake waliambiwa ni homa. Kaka yangu ndiye aliyegundua, wiki tatu baadaye, mistari miwili ya mtu mmoja, mmoja umeandikwa amefariki, mwingine bado hai. Alitoa taarifa kwa wakubwa wake, nao wakamwambia arekebishe na asizungumze na mtu, naye akanyamaza, na hapa nasema kama ndugu yake wa damu kwamba alikosea kunyamaza, na alijua amekosea. Alibadilisha ufunguo ukawa wa namba, akapekua majina yote, akakuta wanawake arobaini na mmoja wenye mistari miwiliwili, akawaunganisha arobaini. Yule mmoja, binti wa Yeyo, mstari wake wa usichana hakuugusa.

Basi kila tarehe moja ya mwezi kompyuta ilikuwa inatoa orodha ya watu wa Oloipiri ambao hawajaonekana kliniki, na jina lake lilikuwemo, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Antonia ameniruhusu niseme kwamba siku hizo kaka hakula chakula cha asubuhi, alikaa mbele ya orodha akilitazama jina moja, na mara nyingine alimsikia akijibu kwa sauti ndogo, hayupo. Alisema akimfuta binti atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake. Kila Novemba alilipeleka jina hilo parokiani lisomwe pamoja na marehemu wetu, kama tunavyofanya sisi, na nyote mmelisikia likisomwa hapa bila kujua ni la nani. Alikonda, akaacha kupanga majembe. Mara mbili alifunga safari ya Oloipiri, na mara zote mbili aligeuza gari kabla hajafika.

Mwaka 2016 alitengeneza kanzidata nyingine, safari hii ya bahasha, akitumaini kwamba watu wenye majina matatu watatoshea ndani nayo yote matatu, na kweli walitoshea, ila kipimo kilekile muuguzi mmoja alikiita uzito, mwingine akakiita kilo, wa tatu akakiita gramu, kompyuta ikapokea vyote, na walipoomba orodha ya watoto wenye utapiamlo nusu yao hawakutokea. Shirika likarudi kwenye majedwali, bahasha zikabaki kwa maelezo ya ziada. Kuanzia tarehe 10 Januari 2017 alifundisha vijana wanaoanza kompyuta pale Karatu mjini, na somo lake la kwanza lilikuwa hilohilo, kwamba kitu unachojua umbo lake na kinachotakiwa kukubaliana na vingine kipe jedwali, kinachobadilika umbo kipe bahasha, lakini kabla ya yote nenda ukawaulize wenyewe wanaitanaje.

Machi 2023 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anapelekwa Arusha kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na hata huko aliagiza orodha ya tarehe moja aletewe kitandani. Tarehe 30 Agosti mwaka huu aliniita, akaniandikisha haya yote, akanituma Oloipiri nikamwambie mama wa yule binti kabla watu wengine hawajasikia. Alifariki Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, saa nne asubuhi.

Nilifika Oloipiri Jumanne hii jioni, siku mbili baada ya kifo chake, nikamkuta Yeyo Sintamei anatenga wana wa mbuzi, mjukuu wake Nashipai, ambaye sasa yuko darasa la sita, akawa anatafsiri. Nilisema yote bila kupunguza, nikaomba msamaha kwa niaba yetu. Aliuliza kama kaka yangu ndiye aliyemchoma, nikasema hapana, akauliza kama alijua kwamba binti atakufa, nikasema hapana. Ndipo akauliza ni nani basi anayemwita mwanawe kila mwezi.

Sikuelewa, mpaka akanieleza. Ile orodha ambayo kaka alidhani inakaa kwenye faili la muuguzi, wauguzi walikuwa wanaisoma kwa sauti siku ya kliniki, wanawake wote wakiwa wamekaa na watoto wao, jina la binti yake likaitwa, likaitwa tena, kimya. Kwao jina la kijana aliyekufa halitamkwi, na yeye alilisikia likiitwa na wageni miaka miwili mfululizo, akaamini mwanawe ameshindwa kuondoka, akaacha kabisa kwenda kliniki, na mtoto Nashipai hakumaliza chanjo zake. Huku sisi tunaliombea Novemba, kule linamtesa mama yake, na kaka yangu alikuwa analilinda akidhani anamheshimu. Nililia mbele ya mbuzi wake, sioni haya kusema.

Yeyo alisema ile ya sindano anamwachia Mungu, lakini jina liache kuitwa, na kwamba atakuja kuona kwa macho yake. Tukapanda gari Jumatano, mimi, yeye na Nashipai. Alhamisi alasiri, kwa ruhusa ya mkuu wa kliniki, Julius, mwanafunzi wa kaka anayesimamia sasa kanzidata ile, aliifungua mezani kwa Antonia, akabonyeza kuufuta mstari wa yule binti, kompyuta ikakataa. Alijaribu tena, ikakataa tena, ikisema yupo mtoto ambaye bado ameandikwa chini yake. Nashipai alimweleza bibi yake, na bibi akasema mtoto ni wangu, niandikeni mimi. Julius akaandika namba ya Yeyo Sintamei mahali pa namba ya mama, ile alama nyekundu ya sindano akaihamishia kwa Nashipai ili wamchunguze kabla ya kumchoma, akabonyeza kwa mara ya tatu, na kompyuta ikakubali. Remigius aliyekuwa anabisha alikuwa amesimama mlangoni, akatoka nje, na aliporudi akaniambia nisome kurasa zote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Arusha waliomhudumia miaka miwili na nusu, majirani wa Endabash waliolima shamba lake alipokuwa hawezi, jumuiya yetu, wafanyakazi wenzake na wanafunzi wake, na kwa namna ya pekee Yeyo Sintamei na Nashipai, ambao hawakudaiwa na mtu kuja. Baba Paroko, Novemba tunaomba usome jina la Vedasto peke yake.

Kaka, orodha ya mwezi ujao itasomwa Oloipiri na hakuna atakayemwita. Pumzika sasa, na yeye apumzike.