Barua ya Hajji Bayoumi Aliyekwishazikwa

Nasema niliyoyaona kwa macho haya mawili, sikusimuliwa na mtu. Alhamisi ile, hapa Tanta, nilikuwa kwenye benchi la mkahawa, mkabala na duka la Sabri mpiga pasi, na hakuna neno lililosemwa pale ambalo halikupita sikioni mwangu kwanza. Kibao cha duka kinasema "Hajji Bayoumi na Wanawe". Hajji mwenyewe tulimzika miaka tisa iliyopita, mimi nikiwa mbele ya jeneza, lakini kwetu kibao cha baba hakishushwi. Leseni na umeme navyo vimebaki kwa jina lake, na mtaa mzima tunamwita Sabri "Hajji Bayoumi", naye huitika. Basi barua ya watu wa kodi ikaja kwa Hajji: afike mwenyewe na kitambulisho chake, mwisho siku ile ile saa nane mchana, la sivyo duka linafungwa. Tulipoanza kushauriana ilikuwa saa sita na nusu.

— Usijibu, alisema yule tunayemwita Hakimu, ingawa mahakamani alikuwa bawabu tu miaka ishirini. Barua isiyojibiwa, kisheria haijafika.

— Imefika, Sabri akasema. Nimeisainia.

— Jina gani?

— La baba. Tarishi aliuliza, "Hajji Bayoumi?" Nikaitika kama siku zote. Jemadari huyu hapa akanipa kalamu, akaniambia saini upesi, usimcheleweshe mtu na kazi yake.

— Ala! Umemfufua mzee kwa wino!

Jemadari, ambaye jeshini alikuwa mpishi, akajifanya hakusikia.

— Tuseme yuko Makka, akasema.

— Miaka tisa, bwana? Hakimu akauliza. Anazunguka Kaaba kwa magoti?

— Basi mgonjwa.

— Watatuma daktari.

— Basi aende! Sabri, vaa kanzu ya baba yako, shika fimbo yake, masharubu tuyapake wanga yawe meupe. Pua ni ile ile. Chukua kitambulisho chake, ukohoe sana, wasikuulize mengi.

— Watapima alama za vidole, akasema Hakimu.

— Vidole vyenyewe vimeungua kwa pasi, alama zitoke wapi?

Tulicheka wote isipokuwa Sabri. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Saa saba na dakika kumi.

— Nyinyi mnacheka, akasema. Mkifika nyumbani mnakula. Mimi likifungwa lile duka, mama nimwambie nini? Kila asubuhi anakuja kukifuta kile kibao kwa kitambaa chake mwenyewe.

Hapo hapo akatokea mtu mgeni, suti nyeusi, mkoba kwapani. Akasoma kibao, akatutazama mmoja mmoja.

— Samahanini, waheshimiwa. Hajji Bayoumi ni yupi kati yenu?

Hakimu akainamia kahawa yake. Jemadari akafunga kiatu kisicho na kamba. Mimi mwenyewe, ambaye sijawahi kukosa jibu tangu nizaliwe, nikaanza kuhesabu vijiti vya kibiriti. Nikamtazama Sabri, nikangoja aitike.

Sabri alisimama.

— Hajji Bayoumi alikufa, bwana. Mimi ni mwanawe, Sabri.

— Mungu amrehemu, yule mtu akasema. Akafungua mkoba, akatoa suruali. Nina harusi jioni. Nimeambiwa hapa ndipo wanaponyoosha vizuri.

Hakuna aliyecheka. Sabri aliipokea suruali, akavuka hadi dukani, akaitundika, akatoa drooni cheti cha kifo cha baba yake na barua ile.

— Rudi saa kumi, bwana. Nikikuta duka bado ni langu, utaikuta tayari.

Akaondoka mbio kuelekea ofisi ya kodi, cheti mkononi. Saa kumi mlango ulikuwa wazi na pasi inafuka moshi. Amepewa mwezi mmoja abadilishe majina. Kibao wamemwachia.

Yote haya ni kweli tupu. Nimebadilisha kitu kimoja tu. Jemadari hajawahi kumiliki kalamu maishani mwake. Kalamu ile ilikuwa yangu, na aliyesema "saini upesi" ni mimi.