Kondoo wa Arobaini

Benchi la mbele ya duka la Nelda, anayeuza chakula cha mifugo, Jumatatu asubuhi huwa ni la kucheka. Kule kusini mwa New Mexico mashindano ya bastola ni Jumapili, na Jumatatu ni siku ya kutaniana juu ya aliyekosa na aliyebahatisha. Jumatatu hii hakuna aliyecheka. Virgil Tafoya, ambaye kijiweni wanamwita Fundi, alikuwa na karatasi gotini na hasira kooni. Jana yake, kwa bastola aliyoiunda mwenyewe majira yote ya baridi, mpini wake akauchonga kwa mbao ya mjozi mpaka mkono ukatoka malengelenge, alikuwa ameangusha shabaha za chuma zenye maumbo ya wanyama: kuku kumi, nguruwe kumi, batamzinga kumi na kondoo dume tisa. Kondoo wa mwisho, mita mia mbili, alimpiga. Uwanja mzima ulisikia chuma kikilia. Kondoo akayumba, akatulia, akabaki wima. Na kwenye mchezo huu mnyama asiyeanguka hajapigwa, hata kama rangi imembanduka kifuani. Basi Virgil akamgeukia Lowell Haskins, msimamizi wa mashindano na rafiki yake wa miaka ishirini na miwili, akamwita mwizi mbele ya watu wote. Karatasi ile ilikuwa ya kumwondoa Haskins kwenye kiti.

– Tia sahihi, Baruti, – alisema Virgil. – Zikitimia tatu tu, Jumamosi klabu inampigia kura.

Baruti, jina lake la nyumbani Wendell Pruitt, anajaza risasi zake mwenyewe mezani jikoni, na mkewe ameshachoka kusema.

– Ngoja basi, bwana. Hata kahawa sijaimeza.

– Kahawa hiyo unaipuliza tangu saa moja! Kalamu hii hapa.

– Mimi nauliza tu, Fundi. Risasi zako hazikuwa nyepesi? Maana ukipenda bastola isikurushe mkono...

– Nyepesi? Tisa wameangushwa na nini, na chafya? Risasi zile zile, sanduku lile lile! Usinitie wazimu, Wendell.

– Haya, yaishe. Nimeuliza tu.

Mtu wa tatu alikuwa Eloy Baca, Darubini, ambaye siku ya mashindano hulala kando ya Virgil akimtazamia risasi zinakotua.

– Mimi nilimwona kwa macho yangu, – alisema. – Kifuani, juu kidogo. Pale kondoo yeyote analala. Yule kachomelewa.

– Si ndiyo ninayosema! – Virgil akapiga benchi kwa kofi. – Kachomelewa!

– Kuchomelea kunaacha alama, – alisema Baruti. – Haskins si mjinga. Sumaku. Unafukia sumaku chini ya ile reli ya chuma wanayosimama juu yake.

– Sumaku ya kushika kondoo wa kilo ishirini na tano? – akauliza Darubini. – Ungeitoa wapi?

– Hospitali. Zile mashine za kupiga picha ubongo zina sumaku inayovuta kitanda.

– Acha zako, Baruti. Hospitali ya hapa hata koleo ya kung'olea jino hawana.

– Basi kasubu kondoo mzito kuliko wenzake. Mkwewe si ana kalibu? Tisa wa kawaida, wa kumi kajazwa madini ya risasi tumboni. Na alijua Fundi ndiye atakayepiga njia ya nne, kwa sababu orodha anaiandika yeye.

Darubini akainama mbele, sauti ikashuka.

– Na jiulizeni, kwa nini jana? Treni ya mizigo ilipita saa ngapi? Saa tano kasoro. Fundi alipiga saa ngapi? Saa tano kasoro. Ardhi ikitetemeka, kondoo anakaa sawasawa. Haskins alifanya kazi shirika la reli miaka thelathini. Ana marafiki kule.

– Kwa hiyo kasimamisha treni kwa ajili yangu?

– Hakusimamisha. Kaiharakisha.

Virgil hakujua acheke au amtupie kikombe. Alijua walikuwa wanamzungusha, kwa kuwa kila nadharia ilizaliwa kalamu ilipowakaribia. Wanaume wazima, amekula nao pilipili za kuchoma kila vuli, na sahihi moja inawashinda! Hasira ikampanda upya.

– Nisikilizeni nyinyi wawili, – alisema. – Daktari wa macho kaniambia. Mwaka ujao, wakati kama huu, kondoo wa mita mia mbili nitamwona kama doa. Pale klabuni ukutani kuna ubao wenye majina ya walioangusha arobaini kwa arobaini. Majina sita, kwa miaka yote hii. La pili ni la Haskins. Mimi jana nilikuwa wa saba. Nimelala chali kwenye changarawe, bastola imeegemea mguu, ngozi ya muundi imeungua moshi, risasi moja imebaki. Moja! Na nimempiga! Leo mnaniletea habari za treni?

Baruti akachukua kalamu. Aliishika kama mtu aliyeshikishwa, lakini aliishika, akaweka karatasi kwenye paja.

Hapo ndipo Marisela Orton, daktari mpya wa mifugo, aliyehamia mjini miezi miwili tu iliyopita, alipotoka dukani na gunia la chumvi ya ng'ombe begani. Alikuwa amesikia yote mlangoni. Nani asingesikia, kwa kelele zile? Akalitua gunia.

– Samahani wazee wangu. Mimi mgeni wa mambo haya. Hao kondoo wakianguka, nani anakwenda kuwasimamisha tena?

– Kila mtu wa kwake, – Darubini akajibu haraka, kama mtu anayemfundisha mtoto. – Bendera nyekundu ikipanda, silaha chini, unatembea mwenyewe unawasimamisha utakaowapiga. Ndiyo desturi yetu, ili mtu asije...

Akaacha hapo. Baruti akaiweka kalamu chini taratibu.

– Ili mtu asije akalalamika, – akamalizia Marisela, akiwatazama mmoja mmoja. – Sasa huyu Haskins kakosa nini?

Virgil alifungua mdomo kumwambia kwamba mambo ya bastola si mambo ya ndama, akakumbuka. Alijiona jana, goti linamuuma, jua la saa nne kichogoni, wanyama thelathini mfukoni tayari na haraka mwilini. Kondoo wa mwisho alikuwa anacheza, unyayo haukai sawa juu ya reli. Naye, aliyechonga mpini miezi mitatu kwa uvumilivu wote, hakuwa na dakika moja ya kusafisha reli. Aliokota jiwe, akalibana nyuma ya unyayo, akalipiga teke mpaka kondoo akatulia. Akatulia barabara! Mungu wangu, alitulia kweli.

– Fundi? – alisema Baruti.

Gari la Haskins likaja kusimama mbele ya duka. Kila Jumatatu huja kuchukua mtama wa kuku. Alishuka, akaiona karatasi, akawaona na wenye karatasi.

– Habari za asubuhi.

Marisela peke yake ndiye aliyeitikia. Virgil alisimama, masikio yakimwaka moto, na karatasi ikaanguka miguuni pake.

– Lowell. Yule kondoo alikuwa amebanwa na jiwe. Nililiweka mimi.

– Najua. Nilikwenda kumwangalia, nikalitoa.

– Sasa mbona hukusema? – sauti ya Virgil ilipanda tena, maana hasira ilikuwa haijapata pa kwenda. – Umeniacha nikutukane mbele ya watu arobaini, na jibu unalo? Kwa nini hukusema?

Uso wa Haskins ulikuwa mwekundu.

– Nilianza kusema mara tatu, Virgil. Ulinipa nafasi?

Akampita, akaingia dukani kuchukua mtama wake.