Fundi wa Pampu Mwenye Shahada Niliyomchagulia Mimi

Ndugu waombolezaji, naomba radhi mapema, historia hii nitaisoma vibaya, maana familia imenichagua kwa sababu ya sauti kubwa, si kwa sababu ya adabu.

Marehemu, mdogo wangu wa tumbo moja, alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, akasoma shule ya msingi mtaani kwetu kuanzia 1981 hadi 1987, na akiwa darasa la tano aliifungua pampu mbovu ya kisima cha shule, akaifunga, ikatoa maji, mwalimu mkuu akamchapa kwanza, ndipo akanywa.

Mwaka 1994, alipomaliza kidato cha sita, aliniambia, "Kaka, mimi nataka chuo cha ufundi," nami nikamcheka mbele ya watu, nikaichukua fomu, nikamjazia Shahada ya Utawala, maana nilitaka ndugu wa kutambia. Alihitimu 1998, akaitwa kwenye usaili mara kumi na moja, kila akiulizwa anajua kufanya nini anaeleza nadharia nne za uongozi, mwisho akaajiriwa kupokea barua, akazipokea miaka sita.

Tarehe 2 Mei 2005 aliingia karakana ya pampu, kujifunza kwa fundi mkuu aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka minane, aliyemwambia, "Msomi, shika spana, nadharia weka pale dirishani." Baada ya miaka miwili watu walikuwa wanamfuata kutoka mitaa ya mbali, na mwaka 2008 akafunga ndoa na shemeji yangu huyu, ambaye pampu ya kwao ilikataa kupona wiki tatu mfululizo, mpaka baba mkwe akashtuka. Mungu akawajalia mabinti wawili.

Julai mwaka jana aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akafariki hospitalini juzi Jumanne, saa nne asubuhi, na mpaka siku hiyo mimi nilikuwa bado nawaambia watu kuwa mdogo wangu ni meneja.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, na majirani mliotuazima viti. Ninyi mafundi wenzake, mliosimama kule nyuma, nisameheni kwa kuchelewa kwenu, tangazo la kifo niliandika mimi, nikaweka "Meneja", mkazunguka mtaa mzima mkitafuta msiba wa fundi.

Lala salama, mdogo wangu, na huko wakikuuliza kazi yako, jibu upesi, kabla sijafika mimi.